Goti la Kipa

Tegan Hrynchuk alikatika ukano wa ndani ya goti akiwa langoni kwenye mechi ya hoki ya barafuni, mji mzima ukitazama. Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu goti lile, isipokuwa mwenye goti.

Dokta Sorensen, mpasuaji, aliwaeleza baba na kocha ofisini mwake, Tegan akiwapo. Ukano wa kupandikiza hukatwa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe: nyuma ya paja, juu ya pia ya goti, au chini yake. Wa maiti nao upo, ila kwa kijana anayecheza huwahi kukatika. Yeye alitaka wa chini ya pia. Ndio aliowawekea vijana wote wa hoki pale mjini, wakarudi kwenye barafu wakichanja mbuga. Kocha akaafiki, baba naye akaafiki. Tegan, mtu mzima wa miaka ishirini, alikuwa kama kiti mle chumbani.

Jamani, hata aibu! Vijana wale walikuwa washambuliaji. Huyu ni kipa, na kipa wa hoki huangukia magoti kila shuti linapokuja. Daktari huyohuyo alitaja juujuu tu kwamba baadhi ya wanaokatwa hapo huumia miaka mingi wakipiga magoti. Tegan alipofungua kinywa, baba alimshika bega.

"Muache daktari amalize, mwanangu."

Akamaliza, akaondoka zake.

Asubuhi ya upasuaji daktari alikuja na kalamu kutia sahihi kwenye mguu wa kupasuliwa, kama wapasuaji wanavyofanya wasije wakakosea mguu. Alipofunua shuka alikuta maandishi meusi chini ya pia: "Usikate hapa." Akacheka.

"Umekosea, binti. Hayo wenzako huandika kwenye mguu usioumia."

"Sijakosea. Hapo ndipo ninapopigia magoti. Ukikata hapo, nani atakaa langoni?"

Daktari akamgeukia baba. "Mzee Hrynchuk, unasemaje?"

Hasira zikampanda Tegan. Akaivuta shuka, akalifunika goti.

"Goti liko huku, daktari."

Baba aliinamisha uso. Haya zilimshika kwelikweli. "Muulize mwenyewe," alisema.

Daktari akavuta kiti, akaketi, akamuuliza anataka ukano utoke wapi.

"Nadhani juu ya pia," alisema Tegan. "Lakini anza mwanzo. Safari hii nieleze mimi."