Sahihi ya Mume

Yule dada wa utafiti pale hospitali aliniuliza kabila, nikamjibu, Mhaya. Kalamu ikasimama. Aliponiuliza nimelala na wanaume wangapi tangu nizaliwe, nikasema mmoja, akatabasamu na kuniuliza tena, taratibu, kana kwamba sijui kuhesabu.

"Mmoja," nikarudia. "Anaitwa Masalu, ni mume wangu, na sijaona karatasi yenu ya kumuuliza yeye."

Hilo hakuliandika.

Daktari ndiye aliyenieleza vizuri. Miezi minane nilikuwa nikitokwa na damu kila nikikutana na mume wangu. Akasema ni saratani ya shingo ya kizazi, na inaletwa na kirusi, siyo kile cha ukimwi. Mwanaume hukibeba bila kuumwa, akamwachia mkewe, kikakaa kimya miaka. "Tukitoa kizazi sasa utapona, Leonsia. Usipoteze mwezi." Akanipa fomu. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mume. Bila hiyo, alisema, hakuna atakayeniingiza chumba cha upasuaji.

Masalu hununua sangara kwenye makambi ya wavuvi Ukerewe na kuwauzia wenye viwanda vya minofu. Tangu viwanda hivyo vifunguliwe, analala nyumbani Kirumba, hapa Mwanza, siku nne kwa mwezi. Siku nyingine analala kwa nani, soko zima la samaki la Mwaloni linajua. Nilimwekea fomu mezani, mbele ya mama yake. Akaisoma, akanirudishia kwa kidole kimoja.

"Wakasaini hao waliokupa ugonjwa," alisema.

Mama mkwe, Kashindye, hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Wahaya tunawajua kwa umalaya."

Masalu aliwahi kuwa na mke kabla yangu, Rebeka, Msukuma mwenzao, chaguo la Kashindye mwenyewe. Alikufa akitokwa na damu. Yeye walisema amerogwa, na jirani mmoja akafukuzwa mtaani kwa mawe.

Kesho yake asubuhi Masalu akavuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Jumamosi angerudi na mke mpya, Tereza, binti wa Kikerewe wa miaka kumi na tisa. Nyumba nzima ilishajua. Mimi niliambiwa na muuza maandazi.

Niliogopa, sitaki kujifanya jasiri. Nina watoto wawili, na mdogo bado hajui kufunga vifungo vya shati la shule. Niliificha fomu chini ya godoro na kila siku nikaitoa kuutazama ule mstari mtupu.

Ijumaa nilikuwa uani nafua vitambaa vyangu vya damu. Vilikuwa vimeanza kutoa harufu ambayo sabuni haiiondoi. Kashindye akapita nyuma yangu na ndoo yake, akasimama, akainama juu ya beseni. Nikajiandaa kutukanwa.

"Vimeanza lini kunuka hivi?"

"Wiki ya tatu hii, mama."

Akakaa chini pale pale kwenye maji, gauni likalowa. "Vya Rebeka nilivifua mimi," alisema. "Mpaka siku anakufa. Vilinuka hivi hivi."

Hasira ya wiki nzima ikanitoka. "Kwani Rebeka naye alikuwa Mhaya, mama?"

Alichukua kitambaa kimoja, akakikamua, akasema, "Yule jirani tulimwonea." Nikajua amefika mwenyewe pale nilipotaka afike, kwa mwanawe. Sikufurahi hata kidogo. Masalu ni mtoto wake wa pekee.

"Lete ile karatasi."

Nikaileta, mikono imejaa povu.

"Wewe umesoma. Andika jina lake."

"Mama, hilo ni kosa. Wakigundua watanifunga. Na yeye akirudi ataniua."

"Usipoandika utakufa vilevile. Andika. Jina hilo nilimpa mimi."

Nikaandika. Herufi zilipinda, lakini jina lilisomeka. Kashindye akaitazama sahihi ambayo hawezi kuisoma, akaikausha kwa ncha ya kanga yake, akanipa.

"Meli ya Nansio kesho inafika saa ngapi?" akauliza. "Nataka nimwahi yule binti kabla hajashusha sanduku lake."