Wale wa Shikamoo

Waliohudhuria kikao cha familia, Kirumba: Mama Odeta, mwenye nyumba, Mzee Chenge, kaka wa marehemu mumewe, Hellen, binti mkubwa, na Mihayo, mdogo wake Hellen, askari aliyerejea wiki hiyo kutoka vitani ng'ambo ya mpaka. Shabaha ya kikao: kupanga sherehe ya kumpokea.

Mihayo alimpa baba yake mkubwa mkono, bila neno.

“Mbona huniamkii?” Mzee Chenge alitania. “Au shikamoo mlizimaliza hukohuko?”

“Nashindwa, baba mkubwa.”

Hellen akacheka. “Ninyi? Si mlikuwa mkiitwa ‘wale wa shikamoo’?”

Ndivyo walivyoitwa. Walipofika, Mihayo na wenzake waliwaamkia kwa heshima wazee wa kijiji walichopangiwa kukilinda, na akina mama wakawaletea mihogo. Kisha zamu yao ikaongezwa, ikaongezwa tena. Wakazika wenzao, wakalala na buti, hadi kila mwanakijiji akaonekana adui.

“Tukawa tunawapigisha wazee magoti kwenye kizuizi cha barabara,” Mihayo alisema. “Wao watuamkie sisi. Tunaitikia marahaba, tunacheka. Mzee mmoja alikataa. Alexander, mwenzangu, akampiga kwa kitako cha bunduki, akafa. Tukaripoti kwamba alikuwa na silaha. Nilipoulizwa, nikasema ni kweli. Sasa jina la nchi yetu likitajwa, watoto wanakimbilia porini.”

Mzee Chenge alikohoa. “Hayo yaishie humu ndani. Ng'ombe yuko tayari Usagara, watu wamealikwa. Vijana walichoka tu.”

“Walichoka?” Mama Odeta alisimama. “Shemeji, naanika dagaa Mwaloni tangu mume wangu afe. Nimechoka. Nani nimempigisha magoti? Na hao wakubwa waliowaacha huko bila kuwabadilisha, wao walichoshwa na nini? Viti?”

Mihayo alipiga goti. “Shikamoo, mama.”

Mama Odeta hakuitikia. Aliwageukia wengine.

“Sikilizeni. Sherehe haipo. Ng'ombe abaki Usagara. Kesho mimi na Mihayo tunakwenda kwa mkuu wake, mwanangu akaseme kwamba mzee yule hakuwa na silaha.”

“Watamfunga!” Mzee Chenge alidakia.

“Na wamfunge. Akishasema, aniamkie hata akiwa na pingu. Hapo nitamwitikia.”