Mjomba Niliyemkagua

Jina lililojitokeza kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa la mjomba wangu.

Nilikuwa peku. Miaka ile uliingia chumba cha kompyuta kama unavyoingia msikitini, viatu vinabaki mlangoni, na mashine yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha bibi harusi. Kiyoyozi kilinguruma. Nje, mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani. Ilikwisha kuimeza Kigurunyembe na sasa inakuja mjini Morogoro. Mama Shakila, kiongozi wa timu yetu ya wakaguzi kutoka Dar es Salaam, aliinama juu ya bega langu, akasoma.

"T. Mkude ndiye nani?"

"Mkuu wa chumba hiki," nikajibu. Yaliyobaki nikayameza.

Tulikuwa tumefuata malalamiko ya mjane mmoja, Bi Mwanaheri. Alikuwa mfumaji kiwandani hadi kiwanda kilipobinafsishwa na mashine zikanyamaza. Kitu pekee alichobaki nacho kilikuwa kiwanja chake Kihonda. Asubuhi moja akakuta watu asiowajua wanachimba msingi. Alipokimbilia ofisi hii ya ardhi, akaambiwa kiwanja si chake. "Kompyuta ndivyo inavyosema, mama. Kompyuta haidanganyi." Na sisi sasa ilikuwa inatuambia zaidi: jina lake lilifutwa, likawekwa la mfanyabiashara, na aliyefanya hivyo aliingia kwa neno la siri la Thobias Mkude.

Huyo ndiye aliyenifundisha kuwasha kompyuta.

Nilipomaliza kidato cha sita, baba naye alikuwa amepunguzwa kazini, tukarudi kijijini Mgeta, milimani, kulima. Nikawa nateremka na lori la kabichi, nimekaa juu ya mzigo, hadi sokoni Morogoro. Mjomba Thobias, mdogo wake mama, alinikuta siku moja napanga matunda ya fyulisi juu ya gunia, mikono imejaa udongo. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Hakunipa pole. Alisema tu, "Ukimaliza kuuza, nawa mikono uje ofisini." Nikaenda. Jioni ile, na jioni nyingi zilizofuata, aliniachia kiti chake, yeye akasimama nyuma yangu akinielekeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea bila kumshika. Ndiye aliyenisukuma hadi chuoni Mzumbe. Serikali ilipoanza kutafuta vijana wa kukagua mifumo ya kompyuta, kazi ambayo hata jina lake lilikuwa geni, ndiye aliyeniambia niombe. Na safari yangu ya kwanza ya kikazi ikanileta kwake.

Nikiwa bado mbele ya mashine ile, nikaiona karatasi. Ubavuni mwa kioo, pale kitambaa kilipokuwa kimeficha, ilikuwa imebandikwa: neno lake la siri, kwa mwandiko wake. Yeyote aliyeingia chumbani mle angeweza kuwa Thobias Mkude.

Mama Shakila alinisubiri mgahawani. Sikugusa chakula.

"Ni mjomba wangu," nikasema. "Tumbo moja na mama. Nitoe kwenye kazi hii."

Alitafuna taratibu. "Umefanya vema kusema. Hoja hii ya ukaguzi nitaisaini mimi, na udugu wenu utaandikwa mstari wa kwanza. Lakini ulichokiona utakiandika wewe, maana wewe ndiye uliyekiona." Akanisogezea maji. "Na umwambie leo. Asisikie mara ya kwanza mbele za watu."

Nilimkuta barazani, ofisi imefungwa, anangoja mvua ikatike.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeona nini?"

Nikamweleza. Kila sentensi ilitoka kama jiwe. Mwishoni nikaongeza, haraka haraka, kwamba ile karatasi ingeweza kuwa haikuwepo. Kwamba ningeweza kuliacha jina lake nje, nikaandika tu kuwa aliyebadilisha hati ya yule mama hajulikani.

Alinyoosha mkono nje ya baraza, akaacha mvua imlowanishe kiganja.

"Karatasi niliibandika mimi," akasema. "Makarani walikuwa wananiita kila dakika, nikaona niwarahisishie. Sikumwibia yule mama. Ila mlango niliuacha wazi mimi." Akanigeukia. "Ukiificha karatasi, aliyeingia atabaki humu ndani, amekaa kwenye kiti changu. Andika, Eufrazia. Andika vizuri, kama nilivyokufundisha."

Kikao cha kufunga ukaguzi kilijaa wakubwa. Nilisimama kusoma hoja yangu, nimevaa viatu vipya. Kabla sijafika kwenye jina, mjomba alisimama. Akasema mwenyewe, mbele ya makarani wake, kwamba neno la siri lilikuwa wazi kwa kila mtu na kwamba kosa hilo ni lake. Kisha akaweka mezani diski. Tofauti na neno la siri, nakala za kumbukumbu alikuwa akizitunza kwa makini, kwa sababu umeme wa Morogoro aliujua. Humo jina la Bi Mwanaheri lilikuwepo, mahali pake.

Bi Mwanaheri alirudishiwa kiwanja. Karani mmoja aliacha kazi ghafla, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote juu yake. Mjomba alivuliwa cheo. Alifanya kazi miezi michache akiwa chini ya vijana aliowafundisha, halafu akaomba kustaafu, akarudi Mgeta kulima karoti.

Krismasi ile nilipanda Mgeta nikiwa na hofu kuliko nilivyowahi kuwa mbele ya mkubwa yeyote. Ukoo mzima ulishasikia. Kanisani, mama zangu wadogo walinipa mikono bila macho. Mama alinipokea mzigo, akasema tu nimekonda. Nyumbani kwa bibi, watu walipokusanyika kula, nafasi kwenye mikeka zilijaa kila nilipokaribia, nami nikabaki nimesimama karibu na mlango na sahani yangu mkononi, najifanya natazama ukungu bondeni.

Mjomba alikuwa amekaa katikati, pale wakubwa wanapokaa. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu. Aliniona. Mazungumzo yalipungua, moja moja, hadi ikabaki sauti ya vijiko.

"Mnamjua huyu?" akauliza, sauti yake ni ileile ya chini. "Huyu ndiye aliyenikagua."

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo mmoja aliinamisha kichwa.

"Aliniambia ana kwa ana kwanza, ndipo akaandika. Nimefanya kazi serikalini hadi mvi, sikuwahi kutendewa hivyo na mtu." Akamgusa binamu yangu aliyekuwa ubavuni mwake. "Mpishe akae."

Binamu akasogea. Nikavua viatu, nikapita katikati ya magoti ya watu wangu, nikakaa.