Tangawizi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaamini tangawizi inatibu kila kitu isipokuwa ukaidi wangu. Tumbo likivurugika, tangawizi. Mafua, tangawizi. Na nikiri, chai yake imeniinua kitandani zaidi ya mara moja. Lakini alipoanza kuitwanga na kumpaka binti yangu mkononi, nilikunja uso.

Chiriku ana miaka tisa. Jina hilo tulimpa kwa sababu hanyamazi. Miezi mitatu nyuma sufuria ya maji ya moto iliniponyoka, yakammwagikia mkono wa kushoto. Kidonda kilifunga, likabaki kovu gumu lenye mabaka. Tangu hapo akawa anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka.

"Wiki mbili tu litafutika, mama Chiriku," mama mkwe aliniambia. Kila alasiri, mimi nikiwa kwenye cherehani, alimketisha mjukuu wake ubavuni na kumsugua taratibu. Mtoto alitulia tuli. Nikaanza kuamini, mjinga mimi.

Siku ya kumi nilimpima gauni. Kovu lilikuwa limevimba na kutoka malengelenge. Mimi na bibi yake tulimkimbiza zahanati.

Muuguzi hakutugombeza. "Tangawizi mnywe, mle, haina neno. Tumboni inasaidia. Kwenye ngozi iliyoungua inachoma tu, wala haifuti kovu. Malengelenge yakipona, mkandeni kwa mafuta ya mgando. Kule kukandwa ndiko kunakolainisha kovu."

Machozi yalimlenga mama mkwe. "Ilikuwa inakuwasha, mjukuu wangu?"

"Kama pilipili."

"Sasa mbona hukusema?"

Chiriku aliangalia sakafu. "Ungeacha kunishika, Bibi. Hakuna mwingine anayenishika mkono huu."

Hakuna mwingine. Hata mimi mama yake. Miezi mitatu nilimfulia, nikamlisha, nikamshonea; tukivuka barabara nilimshika mkono wa kulia. Nilijidanganya kwamba naogopa kumuumiza, kumbe nilikuwa nalikimbia kosa langu. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso.

Muuguzi aliporuhusu, mama mkwe aliketi na kopo la mafuta.

"Mama, naomba leo nimkande mimi."

Akanipisha na kunikabidhi kopo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Niliuweka mkono wa mwanangu mapajani, nikapitisha vidole juu ya kovu kwa woga, kama nagusa pasi ya moto.

"Bonyeza, Mama," Chiriku akasema. "Bibi huwa haogopi."

Nikabonyeza.