Maji Yasiyomjua Ng'ombe

Siku ya mnada Kisongo, mwaka 1958, Nashipae alisikia jina lake likisomwa mbele ya watu kama jina la mwizi. Hakuwa ameiba. Kosa lake, kwa mujibu wa karatasi, ni kwamba maziwa ya ng'ombe wake yalikuwa na sumu ya bomu.

Aliyesoma ni Yoeli, kijana wa kanisani kwake aliyeajiriwa ukalimani. Pembeni yake alisimama Mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Chupa, kwa sababu tangu afike hakuwa ameomba kitu kwa mtu isipokuwa kujaziwa chupa. Mvua ikinyesha anakinga chupa, ng'ombe wakikamuliwa anatokea na chupa. Watu walimchukulia kama mwehu mpole, wakamjazia.

Sasa mwehu mpole alikuwa na majibu. Wakubwa wa dunia walikuwa wakijaribu mabomu yao visiwani na majangwani, kila mmoja akiapa kwamba lake halimdhuru mtu, na vumbi la mabomu hayo lilipanda angani likasafiri bila kuomba ruhusa ya yeyote. Lilishuka na mvua likaingia kwenye majani. Ng'ombe akala majani, mtoto akanywa maziwa, nalo likaenda kukaa kwenye mifupa yake. Ndipo Umoja wa Mataifa ukaunda kamati ya wanasayansi, ili angalau pawe na jicho ambalo si la mwenye bomu. Kila nchi ipeleke mvua yake na maziwa yake, yapimwe, hesabu iwekwe wazi. Katika chupa zote za wilaya, ya Nashipae ilizizidi nyingine mara tatu. Yoeli alimalizia macho yakiwa chini: maziwa yale yasiuzwe, na kipimo cha pili kikitoka vilevile, ng'ombe wote tisa wauawe na kufukiwa.

Nashipae alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, Mlutheri wa benchi la mbele, na ulimi wake ulijulikana kuanzia Kisongo mpaka Kijenge. Siku hiyo ulimi ulimgomea. Wale tisa ndio aliobaki nao baada ya mume, ndio waliomsomesha mwanawe Koikai, na kila mmoja alikuwa na jina na tabia zake. Huo Umoja wa Mataifa alikwisha kuusikia. Wameru walipeleka huko kilio chao cha ardhi wakarudi mikono mitupu, na sasa umekuja wenyewe kutaka ng'ombe. Alirudi nyumbani hamwoni aliye mbele yake.

Marufuku ilikuwa ya jana, ukaidi wake ulikuwa wa siku zote. Asubuhi alibeba vibuyu vyake mpaka mjini, kwa Maleksultan, mwenye hoteli ya chai iliyowafanya madereva wasimamishe malori hata kama hawana kiu. Siri ya chai ile ilikuwa maziwa ya Nashipae, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Maleksultan alimtoa nje taratibu, akamshika mkono.

"Mama Koikai, mimi nakuamini," alisema. "Lakini wateja wananiuliza kama chai itawalipukia tumboni."

Ndani mtu alicheka. Nashipae aligeuza njia na vibuyu vyake vimejaa, na alipofika nyumbani akayamwaga yote shimoni. Kumwaga maziwa ni kitu ambacho mama yake asingemsamehe. Alilia kwa hasira, kisha akajikaza, akaanza kufikiri.

Jambo moja lilikataa kuingia akilini. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na shamba la mlowezi. Mvua iliyonyesha kwa Nashipae ndiyo iliyonyesha kwa mlowezi. Ng'ombe wa mlowezi walikunywa mfereji uleule, na walivuka kuja kula majani ya watu bila aibu yoyote. Mbona chupa ya mlowezi ilitoka safi? Je, vumbi la bomu nalo lilikuwa linabagua rangi?

Akamwita Yoeli. Kijana alikuja na shikamoo ndefu na uso wa msiba, akakaa kwenye kigoda. Nashipae hakuwa na haja ya pole zake. Alikuwa anafukiza vibuyu, kazi ya kila siku, huku akimwuliza hao wanasayansi wanayapimaje maziwa hasa.

"Wanayachoma, yeyo," Yoeli alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Wanayachoma mpaka yabaki majivu. Halafu majivu yanawekwa chini ya mashine, inahesabu."

"Inahesabu nini?"

"Hayo majivu."

Mkono wa Nashipae ulisimama. Ndani ya kibuyu alichokishika kulikuwa na kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, ambacho alikuwa amekizungusha kama alivyofundishwa na mama yake, ili kibuyu kiwe safi na maziwa yasiharibike. Alikiinamisha kibuyu. Vipande vyeusi na unga wa kijivu vikamwagika kiganjani.

"Yoeli, Bwana Chupa alipokuja mara ya kwanza, nilimjazia kutoka wapi?"

Yoeli alifikiri. Kwenye kibuyu, alijibu. Na kwa mlowezi? Kwenye ndoo ya bati. Na kwa majirani? Zizini, chini ya kiwele.

Nashipae alicheka mpaka kuku wakakimbia. "Basi hawakuwapima ng'ombe wangu," alisema. "Wamepima moto wangu."

Bwana Chupa alipokuja kuchukua kipimo cha pili alikuta chupa tatu zimepangwa juu ya ubao. Alieleza, kupitia kwa Yoeli, kwamba maagizo yake yanaruhusu chupa moja tu. Nashipae alishika kiuno akampa vidonge vyake.

"Mwambie hivi, na usinipunguzie neno. Wao wanawakagua wenye mabomu, na ni vizuri. Mimi leo nawakagua wao."

Yoeli akatafsiri, na kwa mara ya kwanza katika ukalimani wake hakupunguza. Uso wa Mzungu uliiva. Nashipae hakumngoja atulie. Chupa ya kwanza aliijaza moja kwa moja kutoka kwenye kiwele, Mzungu akiona kwa macho yake. Ya pili aliijaza maziwa ya kibuyu. Kisha akachukua kibuyu kilichofukizwa asubuhi ile, akatia maji ya chemchemi yaliyochemshwa, akakitikisa, akaijaza ya tatu.

"Aandike," alisema. "Hii ya ng'ombe. Hii ya kibuyu. Na hii ni maji yasiyomjua ng'ombe. Yakitoka na sumu, wakauue mti."

Bwana Chupa alianza kutabasamu, halafu tabasamu likamwisha. Aliinua chupa ya tatu kwenye mwanga, akaona vumbi jeusi likizama taratibu, akakaa chini palepale kwenye samadi kavu na kuandika ukurasa mzima. Alikuwa na makosa yake, lakini hakuwa mjinga.

Miezi mitatu Nashipae aliishi roho mkononi. Ndama walinenepa kupita kiasi kwa maziwa yasiyo na mnunuzi, na watu walipita mbali na zizi lake kana kwamba litalipuka. Jibu lilipofika, Bwana Chupa alitaka kumsomea nyumbani, kistaarabu. Nashipae alikataa katakata. Aliaibishwa mnadani, atasafishwa mnadani.

Basi Yoeli alisimama palepale, safari hii kichwa juu. Chupa ya kiwele ilikuwa safi kuliko chupa zote za wilaya, ya mlowezi ikiwemo. Chupa ya kibuyu ilizidi mara tatu. Maji yasiyomjua ng'ombe yalizidi vilevile, na wanasayansi walipochunguza wakakuta ziada yenyewe si ya bomu, ni ya chumvi ya asili iliyomo katika majivu ya kuni popote duniani, ambayo mashine huihesabu vilevile, na haimdhuru mnywaji. Hesabu ya mwanzo imefutwa. Na kila mchukua maziwa wa kamati, katika kila nchi, ameagizwa kuanzia sasa akamulishe mbele yake na aandike chombo kilichotumika, kwa sababu ya kosa lililogunduliwa na mfugaji wa Kisongo, Tanganyika.

Makelele yaliyopigwa pale yaliwatimua mbuzi wa mnada mzima. Nashipae hakupiga kelele. Moyo ulikuwa umemjaa kiasi kwamba aliogopa akifungua mdomo atalia mbele ya watu, na watu wale hakutaka kuwapa chozi. Badala yake alifungua kibuyu, akaanza kumimina.

Maleksultan, aliyekuja na gari kutoka mjini, alikuwa wa kwanza kufika na birika lake. Nyuma yake wakajipanga wale waliokuwa wakipita mbali. Bwana Chupa alikuja mbele na kikombe, akakinyoosha kama alivyozoea, kutoka upande.

Nashipae alimtazama, kisha akamtazama Yoeli. "Mwambie wenzake wamepanga mstari."

Yoeli akatafsiri neno kwa neno. Bwana Chupa alivua kofia, akaenda nyuma kabisa, akangoja zamu yake.