Kifungua Kinywa cha Mama Supu

Mama Supu alirudi kutoka kliniki kwa kasi ambayo goti lake la kushoto halikuwa limemruhusu tangu mwaka uliopita. Aliingia kwa mlango wa mbele wa mgahawa, akapita katikati ya meza bila kumsalimia mteja hata mmoja, jambo ambalo si kawaida yake, akavuka jikoni, akasukuma mlango wa nyuma unaoingia nyumbani kwake, akasimama mbele ya mumewe akihema.

"Vipo vya kumeza!"

Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Gramu. Alikunja gazeti. "Vitu gani?"

"Vidonge! Dawa ya kupunguza mwili, ya aina hiyohiyo anayojidunga wifi, ipo ya vidonge. Daktari mwenyewe kaniambia. Hakuna sindano, Mzee. Hakuna!"

Wifi huyo, dada yake Gramu, mshonaji, alikuwa hapohapo dirishani akipindiza kitambaa cha meza, pini mbili zimebanwa midomoni. Alizitoa ili aweze kucheka vizuri.

"Mimi nashinda na sindano mkononi, na kila wiki najidunga moja tumboni, sijafa. Wewe unapasua kichwa cha mbuzi kwa pigo moja, halafu kisindano chembamba kama unywele kinakutoa mbio?"

"Panga nalishika mwenyewe mpini, wifi. Sindano wananishikia watu."

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Mara ya mwisho kutolewa damu, Mama Supu alizimia, na kwa kuwa ni mtu mzima kwa maana zote, alimwangukia muuguzi, na muuguzi ndiye aliyepewa siku ya mapumziko. Lakini goti nalo lilikuwa la kweli. Daktari alikuwa amemweleza bila kuzunguka: uzito ukipungua, goti litapata nafuu, usipopungua, ajiandae kuacha kazi ya kusimama kutwa. Mgahawa unaweza kuuendesha umekaa kwenye kiti. Jiko huwezi. Na Mama Supu aliyetolewa jikoni angebaki mama tu.

Siku hiyo daktari alikuwa amempima, amemuuliza magonjwa ya ukoo moja baada ya jingine, kisha akamwekea njia mbili mezani. Sindano mara moja kwa wiki, saa yoyote aipendayo. Au kidonge kila asubuhi, chenye masharti. Akampa wiki moja ya kufikiri.

"Masharti gani?" Gramu aliuliza.

"Mepesi. Kinamezwa kizima, tumbo tupu, na maji kidogo tu, kama nusu glasi. Halafu nusu saa huli, hunywi. Basi!"

"Na ukila kabla?"

"Dawa haiingii mwilini sawasawa. Umemeza bure."

Gramu alinyamaza.

"Kaka akinyamaza hivyo," Wifi alisema, "ujue kaona jiwe la mizani limechongwa ili kupunja."

"Daktari alikuuliza unakula saa ngapi?"

"Aliniuliza kifungua kinywa napata saa ngapi. Nikamwambia saa nne, wateja wa asubuhi wakiisha. Akasema basi, vidonge vitanifaa sana." Mama Supu aliweka mikono kiunoni. "Kwani uliwahi kuniona nakula kabla ya saa nne?"

"Kula, hapana."

"Ehe!"

"Lakini kinywa unakifungua hata kitambaa cha kichwani hujakifunga."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ili ueleweke ni lazima kulijua jiko lile. Chumba cha kulala na jiko vilitenganishwa na ukuta mmoja. Supu ya mifupa ilikesha juu ya moto mdogo, na Mama Supu alipoamka, kitu cha kwanza kugusa ulimi wake, kabla ya mswaki na kabla ya salamu, kilikuwa kijiko cha supu hiyo. Kisha kijiko cha pili baada ya chumvi. Kisha maharage. Kisha chai, kuona kama sukari imekolea. Mpaka kufika hiyo saa nne, alikuwa amepitisha mdomoni chakula cha mtu mmoja mwenye njaa ya wastani, na hakuwa amedanganya aliposema hajala. Jikoni kwake palikuwa na sheria mbili alizomsomea kila mfanyakazi mpya: anayekula jikoni anafukuzwa, na asiyeonja naye anafukuzwa. Kwake kula na kuonja vilikuwa mbali kama mchana na usiku. Daktari aliuliza juu ya kula. Akajibiwa juu ya kula.

"Kuonja si kula!" alisema.

"Jikoni, ndiyo. Tumbo halijasomewa sheria za jikoni kwako."

"Kijiko kimoja!"

"Kimoja kikiingia, tumbo si tupu tena."

Wifi alikuwa amejiinamia kwa kicheko, kitambaa cha meza kimemfunika uso.

"Basi sitaonja," Mama Supu alisema. Macho yalikuwa bado yanamwaka. Habari ile ilikuwa nzuri mno kuachwa ifie hapo. "Nusu saa ni nini? Nimebeba mimba miezi tisa, nitashindwa nusu saa?"

"Tujaribu kwanza, ndipo umjibu daktari," Gramu alisema. "Mizani haipitishwi kwa maneno."

Makubaliano yakawa hivi: kila asubuhi angekunywa nusu glasi ya maji kana kwamba amemeza kidonge, kisha aendelee na kazi zake kama kawaida. Gramu angekaa kwenye kigoda karibu na mlango na saa yake ya mkononi. Msaidizi wa jikoni, mwanamke mrefu wa maneno machache aliyeitwa Twiga, aliombwa asiingilie.

Asubuhi ya kwanza Mama Supu alikunywa maji yake kwa mbwembwe, akaingia jikoni akisimulia jinsi atakavyopanda ngazi za kliniki mbilimbili mwaka ujao. Alifunua sufuria akisimulia, akakoroga akisimulia, kisha simulizi ikakatika ghafla.

"Umeonja," Gramu alisema.

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi sijaonja."

"Kijiko kiko mdomoni."

Akakitoa, akakitazama kama kitu alichobambikiwa na polisi.

Asubuhi iliyofuata Gramu alificha vijiko vyote. Mkewe alidondosha supu kiganjani, kama wapishi wafanyavyo, akailamba, na alipoambiwa alikasirika kwa dhati, kwa sababu hakukumbuka. Asubuhi ya tatu wakajaribu kumkalisha nyumbani. Alikaa kitini kwa utulivu mkubwa mpaka aliposikia mwiko wa Twiga ukigonga ukingo wa sufuria.

"Anakoroga kama anafua mablanketi!" alisema, na kabla Gramu hajanyanyuka alikuwa jikoni, mwiko mkononi, ulimi umeshafanya kazi yake.

Alasiri ya siku hiyo alikaa na Wifi na Gramu, mguu mbaya ameuweka juu ya kigoda.

"Kwa hiyo ni sindano," alisema.

"Sindano haikuulizi umeonja nini," Wifi alijibu, safari hii bila utani. Alikuwa amekuja na kalamu yake ya kujidungia dawa, akaichomoa kifuniko ili amwonyeshe. "Tazama. Hii ndiyo inayokutisha."

Mama Supu alitazama kwa jicho moja. Hakuzimia. Alishika meza kwa mikono miwili, rangi ikamtoka kidogo, akarudisha pumzi. Wote watatu waliliona hilo kuwa maendeleo.

"Nakwambia ukweli, nitakudunga mwenyewe kila Jumapili, utageukia ukutani. Si jambo la aibu."

"Najua si la aibu, wifi. Lakini kila Jumapili nitaanza kuiogopa tangu Alhamisi."

Gramu aliwaeleza anavyoona. Njia zote mbili daktari ameziruhusu. Iliyo bora kwake ni ile atakayoweza kuifuata sawasawa, wiki baada ya wiki. Sindano ina tatizo moja, nalo liko kichwani. Kidonge kina tatizo moja, nalo liko mkononi. "Tatizo la mkononi," alimalizia, "kwa kawaida linafungika."

"Unifunge mikono?"

Wifi alikuwa amerudi kwenye kitambaa chake, pini zimejaa midomoni. Aliguna, akaguna tena, kisha akazitema zote kiganjani.

"Hebu ngoja! Mimi nikiwa kazini mtu hawezi kunilisha hata keki. Kwa nini? Mdomo una pini!"

"Unataka nimeze pini? Nilizimia kwa sindano moja."

"Si pini, mwanamke! Kitu mdomoni. Barakoa!"

Mama Supu akapiga makofi kama mtoto, na goti likasahaulika kabisa kwa sababu alikuwa ameshasimama.

"Barakoa! Kijiko kije kigonge ukuta!"

"Kitambaa mara mbili," Wifi alisema, tayari anakata. "Kamba za kufunga nyuma, siyo za masikioni, hizo utazivuta bila kujua."

"Iwe nyeupe," Gramu alisema.

"Nyeupe jikoni? Kwa nini?"

"Ushahidi."

Asubuhi iliyofuata, dakika chache tu baada ya maji, kijiko kilikuja na kugonga kitambaa. Supu ikatambaa mpaka kidevuni. Mama Supu aliganda, kijiko hewani, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na akacheka mpaka ikabidi ashikilie ukuta. Hata Twiga aligeukia pembeni akifunika mdomo. Barakoa ilipofunguliwa ilikuwa na madoa matatu, mawili ya supu na moja la maharage.

"Hili la maharage sikumbuki kabisa!" alisema, akikigeuzageuza kitambaa mwangani kwa mshangao uliochanganyika na fahari.

Siku ya pili lilikuwa doa moja. Iliyofuata, kijiko kilinyanyuka mpaka kifuani, kikasita, kikarudi sufuriani chenyewe. Gramu aliinuka kwenye kigoda bila kujijua.

Lilibaki jambo ambalo barakoa haikuweza kulitatua: chumvi. Wateja wa kwanza, mafundi wa gereji ya jirani, siku hiyo waliwahi na walikuwa wameshavuta viti kabla nusu saa haijaisha, na supu ilikuwa haijapitiwa na ulimi wa mwenyewe. Haikuwahi kutokea tangu mgahawa ufunguliwe.

"Twiga," Mama Supu aliita kupitia kitambaa. "Onja."

Twiga akaonja. Alifikiri. "Bado kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo hivi." Akatia kwa vidole vitatu, akakoroga, akaonja tena. "Sasa."

Mama Supu alisimama katikati ya jiko lake, mikono imemning'inia, akitazama bakuli zikitoka. Uso wote ulikuwa macho matupu. Mmoja wa mafundi alikunywa, akafuta mdomo, akapaza sauti.

"Mama! Supu ya leo umeitendea haki! Niongezee!"

"Nusu saa," Gramu alisema.

Barakoa ikafunguliwa, kijiko kikachotwa. Chumvi ilikuwa palepale inapotakiwa kuwa. Mama Supu alifurahi sana, na akaudhika kidogo.

"Na wewe haya umejifunza wapi?"

"Hapa, Mama. Ulisema asiyeonja anafukuzwa."

Gramu wakati huo alikuwa dirishani, amekishika kitambaa kwa ncha za vidole, anakikagua upande huu na upande ule, bila haraka, kama alivyozoea kukagua mawe ya mizani ya wauza samaki.

"Ni safi?" mkewe aliuliza.

"Safi."

"Sema kama ulivyokuwa unasema kazini. Kwa sauti!"

Gramu akakohoa. "Inapita!" Na mafundi, ambao hawakujua kinachopita ni nini, walishangilia.

Kliniki, wiki ilipotimia, Mama Supu alimwambia daktari kwamba anataka vidonge. Daktari, msichana makini ambaye angeweza kuwa bintiye, alimuuliza kama ana hakika na asubuhi zake, na akapata jibu refu kuliko alivyotarajia, likiwa na barakoa ndani yake. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo nilivyokuuliza kifungua kinywa..."

"Uliniuliza vizuri, mwanangu. Nami nilikujibu vizuri. Neno ndilo lililotupita katikati."

"Nikuulize swali jingine, basi. Asubuhi, kitu cha kwanza kabisa kugusa ulimi wako ni nini?"

"Kuanzia kesho? Kidonge."

Daktari alimweleza yaliyobaki. Ataanza na kipimo kidogo. Huenda akasikia kichefuchefu wiki za mwanzo. Kikizidi, au tumbo likimuuma sana, arudi mara moja. Mwili hautapungua kwa siku mbili, na goti litachukua muda wake. Mama Supu alikubali kila jambo kwa kichwa, haraka haraka, kama mtu anayesomewa masharti ya safari na mizigo imeshapakiwa.

Asubuhi ilikuta Wifi ameshafika, eti amepita tu. Gramu alishika saa. Mama Supu alikiweka kidonge ulimini, akanywa maji yake, akameza, akafumbua macho.

"Kimepita?" Wifi aliuliza.

"Kimepita! Wala sikukisikia!"

"Sasa kaa walau hiyo nusu saa," Gramu alisema, akimsogezea kiti.

"Nikae?" Mama Supu alikuwa anafunga kamba za barakoa kisogoni, na sauti ilitoka imezibwa lakini ina kicheko. "Mzee, dawa hii nimeinywa ili nisimame." Akasukuma mlango wa jikoni.