Vitufe vya Melania

Melania alikuwa haoni, na aliyejua hilo ni yeye peke yake. Sukari ilimla macho kidogo kidogo mpaka kioo cha kompyuta kikabaki weupe mtupu. Hata hivyo, katika ofisi ya wakili Bonaventura pale Katubuka, aliendelea kuwa katibu wa kutegemewa, kwa sababu violezo vyote vya viapo alivitengeneza mwenyewe na kila kimoja alikipa vitufe vyake. Akibonyeza Alt na J, kiapo cha kuzaliwa kilijiandika chenyewe, kikiwa na nafasi nne za kujaza: jina la anayeapa, jina la mtoto, kijiji, tarehe. Zamani J ilikuwa ya vifo. Macho yalipoanza kumsaliti alivipanga upya, vya kila siku vikae kwenye herufi zenye kinundu cha kupapasa. Wakili akigundua, kazi hana, na kazi nyingine mtu wa umri wake asiyeona angeipata wapi?

Ndipo ikaja kompyuta mpya, yenye toleo jipya la programu ya kuandikia. Fundi Hamdani alikuja kuhamisha vitu, akafanya kazi vizuri tu, hadi alipomgeukia Melania.

"Mama, kuna mafaili mawili ya violezo. Nichukue lipi, hili au hili?"

Alikuwa ananyooshea kidole kioo. Angemwomba amsomee tarehe za mafaili, ajue lipi la zamani, basi, yangekwisha. Lakini wakili alikuwa kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, na Melania akaona aibu kuliko alivyoona hatari.

"Hilo la juu," akasema.

Hamdani akahamisha la juu, akajaribu vitufe viwili vitatu, maneno yakatoka, akafuta kompyuta ya zamani na kwenda zake.

Asubuhi iliyofuata akaja Rozalia, mkulima wa Simbo. Mwanawe Bariki alikuwa amepata nafasi ya kazi, ila hana cheti cha kuzaliwa, na huku kwetu mpakani kijana asiye na karatasi huulizwa alivukia wapi. Kiapo kilitakiwa siku hiyohiyo, kabla ya saa tisa. Melania akabonyeza Alt na J, akajaza nafasi nne, akachapa. Rozalia akaweka dole gumba. Wakili akatia sahihi na muhuri bila kusoma, maana miaka kumi na saba hajawahi kukuta kosa la Melania.

Kesho yake Rozalia alirudi. Alisema kule kwenye kazi, pale dirishani, waliitazama karatasi, wakamwambia tu arudi kwa wakili wake, na saa tisa ikampita akiwa njiani. Nafasi ya Bariki kapewa mwingine.

"Nisomee, dada, wewe uliyeandika. Mimi shule sikuipata."

Wakili alikuwa hapo hapo. Melania akaipokea karatasi, akaiinua usawa wa uso, akajikaza.

"Mimi Rozalia, mkazi wa Simbo, naapa kwamba Bariki ni mwanangu wa kumzaa, na kwamba alizaliwa Simbo tarehe nne Machi, mwaka elfu mbili na tatu."

Rozalia akasema ndivyo alivyoeleza, neno kwa neno, sasa walikataa nini? Bonaventura akaichukua karatasi mkononi mwa Melania. Kwa mara ya kwanza akaisoma.

"Naapa kwamba Bariki alifariki dunia," akasoma polepole, "huko Simbo, tarehe nne Machi, mwaka elfu mbili na tatu."

"Hiyo ndiyo siku niliyomzaa," Rozalia akasema. "Mwana wanje, mwanangu huyo, ni mzima, yuko nyumbani." Akakaa chini sakafuni, kiti kipo.

Wakili akamuuliza Melania alikuwa anasoma nini.

"Siioni hiyo karatasi, wakili. Hata uso wako sijauona tangu mwaka juzi."

Bonaventura aliitazama tena sahihi yake chini ya karatasi. Kisha, kwa upole uliouma kuliko matusi, akamwomba funguo za ofisi. Melania alizitoa kwenye mkoba, akazinyoosha upande alikosikia sauti, na ilimbidi wakili azunguke meza kuzipokea.